Skrubu Sita za Mbele

Jumatano, 3 Septemba

Asubuhi kukoboa kama kawaida. Mpunga wa mama mmoja ulikuwa na mchanga mwingi kuliko punje. Nimemwambia, kanuna. Na anune. Mchana mashine ilipopoa nikavaa ovaroli na kurudi chini ya landrova ya marehemu baba.

Nati za tairi la nyuma kushoto zimetoka zote! Juzi zilikataa, jana zilikataa. Leo nikachomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana, nikapanda juu ya bomba kwa miguu miwili, nikaruka. Kraa. Nikadhani nimekata bolti. Kumbe nati imekubali. Sijawahi kupenda sauti kama ile. Nikarukia na nyingine, na nyingine. Mama akatoka jikoni kuuliza kama nimepagawa.

Nina mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Siku hiyo lori la chuma chakavu linapita Ifakara, na baba mdogo Longino ameshaongea na wenyewe. Kikao cha familia kimekubaliana hivi: landrova ikifika Kivukoni kwa injini yake na kusimama kwa breki zake, inabaki. Ikishindwa, inakatwa. Sharti nililitoa mimi, kwa mdomo wangu huu. Nikaongeza kwamba yeye baba mdogo atakaa kiti cha mbele ajionee. Kikao kizima kikanyamaza. Mashangazi wakaangalia mkeka. Sijui kwa nini, maana hoja ilikuwa nzuri.

Na yeye ni fundi mitumbwi. Gari linamuwasha nini?

Injini haina shida. Ni ya dizeli kama ya mashine yangu, na mimi na dizeli tunaelewana. Shida ni breki. Ukikanyaga, pedali inazama mpaka chini, haina habari na wewe.

Baba alinifundisha kuendesha kwenye gari hili. Halikatwi.

Alhamisi, 4 Septemba

Mzigo umefika kwa basi kutoka Dar! Viatu vya breki, silinda ndogo zinazovisukuma, na vibomba vya mafuta. Nimeufungua palepale stendi, nimechuchumaa, watu wakidhani ni nguo za mtumba. Vipya vinang'aa. Nilitamani kulala navyo.

Nimepita kwa Sefu, fundi mwenye gereji nyuma ya stendi. Amecheka tangu nilipotokea mpaka nilipoondoka. Eti mama mwenye kinu anafungua breki, tutaona mengi. Lakini ameniazima bisibisi nene, ile unayoigonga kwa nyundo nayo inajizungusha. Akanipa na siri: skrubu yenye kutu usianze kuifungua, anza kuikaza. Kidogo tu. Kutu ikishavunjika upande mmoja, upande wa pili hauna ujanja.

Nilidhani ananitania. Nimefika nyumbani nikajaribu. Breki ya kila gurudumu imefunikwa na dramu, kama sufuria la chuma, na dramu imeshikwa na skrubu tatu pana zenye mfereji kichwani. Nikakaza ya kwanza. Ikalia. Nikageuza, ikafuata mkono. Nikabaki nimeishika, naiangalia, nacheka peke yangu.

Dramu ya nyuma kushoto nje! Ndani kuna tope kavu, makapi na nyumba ya nyigu. Kwa nyuma ya gurudumu kuna uwazi unaoingia kidole, ndiko tope na maji vinakopitia. Viatu vimelika mpaka chuma kinagusa chuma. Nimesafisha nikiimba.

Ijumaa, 5 Septemba

Nyuma kulia nje pia. Haikunichukua hata muda wa gunia moja kukobolewa. Naanza kuwa mtu hatari.

Nimefunga viatu vipya na silinda mpya nyuma kote. Nimegusa skrubu za mbele kidogo tu kupima. Zimekaza. Nimezimwagia oili chafu ya mashine zilale nayo. Oili chafu ndiyo dawa yangu ya kila kitu: mnyororo, bawaba, hata mguu wa kitanda unaolia. Kesho mume wangu Deo anarudi kutoka kwenye mashamba ya miwa. Nataka akute magurudumu yote manne wazi, afunge mdomo.

Jumamosi, 6 Septemba

Sina furaha.

Skrubu za mbele ni sita, tatu kila upande. Hakuna hata moja iliyotikisika. Nimekaza kwanza kama Sefu alivyosema. Hazikazi. Nimefungua. Hazifunguki. Bisibisi inaruka nje ya mfereji kama imekanyaga ganda la ndizi. Deo akasema mume wangu mpya huyu wa chuma ni mkaidi kuliko yeye. Kwa kawaida ningecheka.

Nikachukua nyundo kubwa. Deo akasema taratibu. Neno taratibu likanimaliza. Nikapiga kwa hasira zote, bisibisi ikateleza, ikang'oa ukingo wa mfereji. Skrubu moja ya mbele kushoto sasa haina mfereji. Ni kichwa cha chuma kitupu kinachonikodolea macho. Hakuna bisibisi duniani ya kukishika.

Nimetupa nyundo. Imegonga debe la kuku. Deo ameiokota, akaiweka mezani, akaenda kuoga bila kusema neno. Mwanaume ana akili huyu, anajua wakati wa kunyamaza.

Jumapili, 7 Septemba

Misa. Sikusikia mahubiri, nilikuwa nafungua skrubu kichwani.

Baada ya chakula nimemuuliza mama kwa nini watu walinyamaza kikaoni. Akaendelea kupepeta mchele. Nikamuuliza tena. Akaweka ungo chini.

Kumbe baba mdogo alikuwa ndani ya hiyo gari. Enzi za kivuko, kabla ya daraja. Mimi nilikuwa shule ya bweni na hakuna aliyeniambia. Masika, barabara yote maji, baba akawa ameyapita kutwa nzima. Wakafika mteremko wa Kivukoni wangoje pantoni. Baba akakanyaga breki, gari halikusimama. Likawapita watu waliokuwa wanasubiri, likaingia mtoni, magurudumu ya mbele yakazama yote na pua ikafuata. Wavuvi walilishika kwa kamba. Hakufa mtu. Baba mdogo alitoka kwa kupitia dirishani, na tangu siku ile hajakanyaga ndani yake. Mama akasema hivyo tu, akachukua ungo wake.

Harusini kwangu alikuja kwa baiskeli, suti imejaa vumbi. Sisi wote tulipakiwa kwenye landrova. Nilidhani ni madaha.

Na mimi nimesimama mbele ya ukoo nikasema atakaa kiti cha mbele. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Lakini sharti limeshatoka. Siwezi kulirudisha bila kulipoteza gari.

Jumatatu, 8 Septemba

Oili tena. Hakuna kitu. Foleni ya kukoboa ndefu, nimewagombeza watu wasio na kosa. Deo amerudi kazini. Naogopa. Siku zinakwenda na mbele haijafunguka hata moja.

Jumanne, 9 Septemba

Nimegundua!

Saa saba mchana, jua la kupasua kichwa. Nimekaa mbele ya gurudumu la kulia nikikwaruza mfereji wa skrubu kwa msumari, sababu tu nilikuwa sina la kufanya. Nilidhani ule weusi ni rangi ya zamani na grisi. Msumari ukazama. Weusi ukavutika, laini, unanata. Nikanusa. Lami. Nikaendelea kuchokoa, ukatoka uzi. Nikauvuta, ukaja na mwenzake. Pamba iliyosokotwa, imelowa lami, imeshindiliwa mpaka chini ya mfereji na kuzunguka kichwa chote.

Ndiyo maana! Bisibisi haikuwahi kufika chini ya mfereji hata siku moja. Ilikuwa inakaa juu ya lami. Na oili chafu yangu ilikuwa inalamba juujuu tu, haina pa kupenyea. Nimebembeleza lami siku zote hizi nikidhani nabembeleza kutu.

Nikakimbilia magurudumu ya nyuma kuangalia skrubu zake. Safi, kutu tupu. Ni ya mbele tu yaliyozibwa. Yale yaliyoingia mtoni.

Na bonde lote hili, nani anaziba kitu kwa pamba na lami namna ile? Mtu yeyote aliyekulia karibu na mto anaijua kazi hiyo akiiona: ndivyo mitumbwi inavyozibwa. Nimefungia kipande kwenye karatasi ya daftari la shule la mwanangu Tumaini. Kesho Kivukoni.

Jumatano, 10 Septemba

Nimefunga kinu mapema, nikachukua bodaboda. Baba mdogo alikuwa kwenye banda lake chini ya daraja, amekaa juu ya mtumbwi mpya, tezo mkononi, mapande ya mti yanaruka. Nikamwamkia. Akaitika bila kuinua macho, akaniuliza kama nimekuja na lori.

Nikafungua karatasi, nikaiweka juu ya ukingo wa mtumbwi.

Akaweka tezo. Akachukua ule uzi, akaunusa, akausokota kati ya vidole. Nikaanza kuona haya kuwa pale.

"Hiyo lami yangu," akasema. "Niliziba mimi. Baba yako alinishikia sufuria."

Akaniambia yote, akitazama mto na si mimi. Baada ya ile siku, kaka yake alimwita amwonyeshe maji yaliingilia wapi kwenye breki. Yeye gari halijui. Maji anayajua. Akaona vichwa vya skrubu, akaona vijitundu kuzunguka, akasema ni hapa. Wakachemsha lami. Akaziba kama anavyoziba mtumbwi wa mtu mwenye watoto.

Nikasema basi ilikuwa kazi nzuri, imenitesa wiki nzima. Nilitaka acheke. Hakucheka.

"Mtumbwi nikiuziba, mimi ndiye napanda wa kwanza, mwenyewe anabaki nchi kavu anatazama. Hapa kwetu ndivyo. Usipopanda kazi yako, nani apande?" Akaendelea kuusokota ule uzi. "Ile gari nilimaliza kuiziba, kaka akanifungulia mlango. Nikamwambia nina kazi. Nikawa na kazi mpaka akafa."

Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Maji hayakupita kwenye skrubu. Yalipita nyuma, kwenye ule uwazi wa kidole niliouona Alhamisi. Angeziba kwa lami mara mia, maji yangeingia tu. Sikumwambia. Midomo ilikuwa imeshafunguka nikaifunga. Mimi, kufunga mdomo!

Nikamwambia aliyeziba ndiye anayejua kuzibua, na mimi Jumamosi imenikaba. Akasema ana mtumbwi wa watu wa kumaliza. Nikaaga. Nilikuwa nimeshapanda bodaboda aliponiita.

"Bertha. Mkaa mnao?"

Alhamisi, 11 Septemba

Ameingia uani asubuhi kwa baiskeli, na mfuko wa vyuma mgongoni. Mama akamkaribisha chai, yeye akasema baadaye, shemeji. Akawasha jiko la mkaa pembeni ya gurudumu la mbele kulia, akapanga vyuma vyake motoni, vile vyembamba anavyoyeyushia lami kwenye nyufa. Nimesogeza vibomba na mafuta ya breki mbali, na ndoo ya mchanga nimeiweka karibu. Hakuuliza kwa nini. Kazi yake nayo ina moto.

Ilikuwa raha kumwona! Anachomoa chuma chekundu, anakilaza ndani ya mfereji, lami inachemka, inatoa moshi, anachokoa pamba yote kwa mkupuo. Tambara lenye mafuta ya taa, anapangusa. Chuma kingine. Mikono haina haraka hata kidogo. Nikawa nimeshika bisibisi nachezacheza kama mtu anayengoja choo.

Skrubu ya kwanza ikabaki safi, inang'aa. Nikaweka bisibisi. Ikazama. Ikafika chini kabisa, kwa mara ya kwanza! Nikakaza kidogo. Nikagonga. Tk. Nikageuza. Ikaja.

Nimepiga kelele, kuku wakakimbia. Baba mdogo akasema nisimwage mkaa.

Ya pili ikaja. Ya tatu ikaja. Dramu nikaigonga kwa ubao kuzunguka mpaka ikalegea, tukaivuta mimi na yeye. Tope likamwagika miguuni, tope la mto, jembamba, la kijivu. Akainama. Akaangalia ndani muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ule uwazi wa nyuma, kikatokea upande wa pili.

"Kumbe yalipita huku," akasema.

Nilitamani kuwa mahali pengine. Akafuta kidole kwenye suruali, akarudi kwenye jiko lake la mkaa, akachukua chuma kingine. Tukaendelea na upande wa kushoto. Mbili zikatoka. Ikabaki ile niliyoiharibu. Akaitazama, akaniuliza nani kaiua. Nikasema mimi. Akaguna.

Chakula akala nasi. Kisha tukapambana na nati za vibomba vya mafuta ya breki, vijinati vidogo vinavyolika kona ukivitazama vibaya. Hapa mama ndiye aliyetuokoa. Alileta nta ya nyuki kutoka kwenye kopo lake. Tukafungua bomba, tukasubiri mafuta yote ya breki yatoke, tukakausha. Kisha unapasha nati kwa chuma, unaigusa kwa nta, nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi za nati kama maji kwenye mchanga. Zote zimetoka na kona zake. Mama akarudisha kopo lake ndani kama si yeye.

Ijumaa, 12 Septemba

Mpango ulikuwa rahisi. Sefu aje na mashine ya kuchomelea, aunganishe nati juu ya kichwa cha ile skrubu mfu, tuizungushe kwa spana. Sefu kaja. Umeme ukakatika. Tukasubiri. Tukanywa chai. Tukasubiri. Saa nane Sefu akaondoka, ana mteja anamngoja.

Nilikaa chini nikalia. Machozi ya hasira, lakini ni machozi. Skrubu moja! Magurudumu matatu yako tayari, lori linakuja kesho, na kilichobaki ni kichwa kimoja cha chuma nilichokiua mwenyewe kwa kukosa subira.

Baba mdogo akaniacha nilie. Akazibua lami yote kuzunguka kile kichwa, akaipasha skrubu yenyewe mpaka ikabadilika rangi, akaipaka nta. Kisha akachukua tindo, akaliegemeza ukingoni mwa kichwa, kwa mshazari, kuelekea upande wa kufungulia. Akalishika kwa vidole viwili. Akaniambia nipige.

Nikakataa. Jumamosi iliyopita nyundo hiyohiyo ilinishinda mkononi. Nikimkosa nitamsaga vidole, na vidole vyake ndiyo shamba lake.

"Piga," akasema. "Mkono ni wangu."

Nikapiga kidogo. Hapana. Nikapiga zaidi. Tindo likachimba alama kwenye ukingo, likapata pa kushika. Akanisogezea pembe kidogo, akatikisa kichwa kwamba niendelee. Nikapiga, kila pigo mahali palepale, na sikuwa na hasira hata chembe. Nadhani hilo ndilo lililosaidia. Kisha nikaona ile alama ya tindo imehama. Kiduchu. Nikapiga, ikahama tena. Inazunguka! Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema anaona, nipige.

Imetoka. Ninayo hapa mezani, mbaya, imeparuka, tamu.

Tukafunga haraka. Viatu, silinda, dramu, skrubu mpya kutoka kwa Sefu nilizozipaka grisi kidogo ili anayekuja baadaye asinilaani. Halafu kutoa upepo kwenye mabomba. Mama akapandishwa kiti cha dereva, kanga kiunoni, mimi chini na chupa. Nikamwambia kanyaga, shikilia. Mama akakanyaga kama anaua nge. Mapovu yakaja, mengi, halafu machache, halafu mafuta matupu. Tukazunguka magurudumu yote. Mwishoni mama akasema pedali imekuwa ngumu, hailali tena.

Sefu akarudi umeme uliporudi, akakagua kila gurudumu kwa tochi. Tukaijaribu njia ya Katindiuka, taratibu, kisha si taratibu. Inasimama! Inasimama mahali unapoiambia. Sefu hakucheka leo. Ameniomba nimwonyeshe ile ya tindo.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nimechoka lakini silali bila kuandika.

Baba mdogo alifika amevaa shati la kanisani. Nikamfungulia mlango. Akasimama. Nikafikiri atasema ana kazi, na kusema kweli ningemsamehe. Akashika chuma cha pembeni, akapanda, akakaa. Nikafunga mlango polepole.

Njia nzima alishika dashibodi kwa mkono mmoja. Nilivuka matuta kama nimebeba mayai. Kivukoni mteremko wa zamani bado upo, pembeni ya daraja, wavuvi huuzia samaki pale. Walipoona landrova wakasogea pande zote mbili. Wengine wana umri wa kukumbuka.

Nikasimama juu, nikakanyaga pedali mara kadhaa. Ngumu. Nzuri. Nikamuuliza kama tushuke. Nikamwambia pia kwamba hata tukiishia hapa kwangu inatosha, nitaongea na ukoo mwenyewe.

"Shuka," akasema.

Nikashuka. Gia ya pili. Mto ukaanza kujaa kwenye kioo, pale chini maji ya kahawia na mitumbwi. Niliona mguu wake wa kulia umekanyaga sakafu kwa nguvu zote, kwenye pedali ambayo haipo. Nikakanyaga yangu.

Landrova ikasimama. Imenyooka, haikuvuta kushoto wala kulia. Mbele yetu mchanga, halafu maji.

Hakuna aliyeshangilia. Mvuvi mmoja alivua kofia akaivaa tena. Nilitaka kupiga honi, kuruka, kumkumbatia mtu, na niliona uso wa baba mdogo nikatulia.

Akaniambia nirudi juu, nishuke tena.

Nikarudi juu, nikashuka. Ikasimama. Akasema tena. Nikashuka tena. Safari hiyo mguu wake ulikuwa umetulia tu sakafuni, na mkono umetoka kwenye dashibodi. Hakuomba nyingine.

Tuliporudi lori la chuma chakavu lilikuwa limeegeshwa nje ya uzio, vijana wake wanakula mihogo. Baba mdogo ndiye aliyeshuka kwenda kuongea nao, maana yeye ndiye aliyewaita. Nilisikia kutoka kwenye usukani.

"Poleni kwa safari," akawaambia. "Hapa hatuna chakavu."

Nimepiga honi. Nimepiga mpaka mama akaja kunitoa mkono.

Jumapili, 14 Septemba

Nimelala mpaka jua limechomoza. Mwili wote unauma, mabega zaidi. Misa ya pili.

Tuliporudi tulikuta baiskeli ya baba mdogo imeegemezwa ukutani, mwenyewe haonekani. Mama akanionyesha kwa kidevu. Alikuwa ndani ya landrova, kiti cha dereva, peke yake. Injini imezimwa, madirisha yamefungwa. Hajui kuendesha na hajawahi kusema anataka kujua.

Nilitaka kwenda kumsalimia. Nikaona kichwa chake kinashuka kidogo, kinakaa, kinapanda. Kinashuka tena. Anakanyaga breki. Anaishikilia, anaiachia.

Mama akasema aachwe. Nikaingia ndani kubandika wali. Maharage yalikuwa ya jana, nikaongeza nazi. Ulipoiva nikatoka kumwita. Akashusha kioo nusu, akasema tuanze tu, anakuja.